Dhana za Msingi za Ujifunzaji kwa Njia ya Mtandao na Istilahi Zake za Kiswahili: Mtazamo kutoka Bujonde, Kyela

Ikisiri

Makala hii inafafanua dhana za msingi za ujifunzaji kwa njia ya mtandao na teknolojia ya elimu kwa kuchunguza istilahi za Kiswahili zinazozibeba. Hoja kuu ni kwamba istilahi zilizozoeleka hutaja zaidi mahali na kifaa, ilhali kiini cha dhana zenyewe ni mazungumzo baina ya mwalimu, mwanafunzi na wanafunzi wenzake. Kata ya Bujonde, wilayani Kyela, inatumika kama kipimo cha hoja hiyo, kwa kuwa jiografia yake, hali yake ya lugha na mapokeo ya Wanyakyusa kuhusu kujifunza hudhihirisha tofauti ambazo istilahi hizo huzificha. Makala inapendekeza kwamba uteuzi wa istilahi katika uwanja huu uongozwe na uhusiano unaotajwa na dhana, si chombo kinachoubeba uhusiano huo.

1.0 Utangulizi

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kutajia vifaa vya kidijitali. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Tangu wakati huo wanaistilahi wamejadili kwa kina uchaguzi baina ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi, au baina ya nywila na nenosiri. Baadhi ya istilahi hizo zimebaki kamusini. Nyingine zimefika vijijini pamoja na vitu vyenyewe. Mfano bora ni kishikwambi. Neno hili lilienea nchini Tanzania kupitia Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, na baada ya sensa hiyo Serikali iligawa vishikwambi kwa walimu. Leo mwalimu wa shule ya msingi hahitaji kufafanuliwa kishikwambi ni nini.

Kutaja kifaa, hata hivyo, ni kazi nyepesi kuliko kutaja dhana. Kifaa huonekana na kushikwa; dhana kama ujifunzaji wa nyakati tofauti, umbali au uwepo haina umbo la kuonyeshwa kwa kidole. Mtumiaji wa lugha huijua kwa jina lake tu, na jina likipotosha, dhana nayo hupotoka. Athari zake si za kinadharia pekee. Programu ya elimu inapodai kuwa “imewafikia” wanafunzi, maana ya kufikia hutegemea dhana iliyobebwa na neno hilo. Mwanafunzi anaweza kuhesabiwa kuwa amefikiwa kwa sababu jina lake limo katika orodha, ingawa hajawahi kuulizwa swali wala kujibiwa.

Ili mjadala usielee hewani, makala hii inauweka mahali mahususi: Kata ya Bujonde, Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, katika uwanda wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Uwanda huo unajulikana kwa mpunga, kakao na ndizi, na hupitiwa na mito inayoteremka kutoka milima ya Rungwe na Ileje, ikiwamo Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe. Wakati wa masika, hasa kuanzia Machi hadi Mei, mvua huwa nyingi na mafuriko si jambo geni. Lugha ya nyumbani kwa wakazi wengi ni Kinyakyusa. Kiswahili ni lugha ya kufundishia shule ya msingi. Kiingereza hushika nafasi hiyo kuanzia sekondari. Mazingira haya yanatosha kuzipima dhana tano: mtandao, wakati, umbali, uwepo na uhuria.

2.0 Mtandaoni au kwa Njia ya Mtandao?

Istilahi iliyoenea zaidi ni ujifunzaji mtandaoni. Nomino mtandao imetokana na kitenzi -tanda, chenye maana ya kuenea juu ya eneo. Ikiongezwa kiambishi tamati -ni, nomino hiyo huingia katika ngeli za mahali na kutawala upatanisho wake: husemwa mtandaoni kumejaa habari, au mtandaoni mna hatari. Kisarufi, basi, mtandaoni ni mahali. Anayejifunza mtandaoni “yuko” huko, kama anayelima shambani au anayevua ziwani.

Sitiari hiyo humfaa mtu ambaye muunganisho wake haukatiki. Haimfai anayejifunza kwa hatua. Tuchukue mfano wa mwalimu wa Bujonde anayesoma shahada kwa masafa. Anaweza kwenda Kyela mjini siku ya gulio, akapakua mihadhara na maandishi ya juma zima, akarudi nyumbani, akasoma usiku simu ikiwa haina hata kifurushi, kisha akatuma kazi yake siku mtandao unapopatikana. Ujifunzaji wake haukufanyika mtandaoni. Mtandao ulikuwa njia tu, kama barabara ilivyo njia ya kakao kwenda sokoni. Kuhusu mtu huyu, ujifunzaji kwa njia ya mtandao ni kauli sahihi, kwa kuwa kwa njia ya hutaja namna wala haidai kwamba tendo lote limefanyika ndani ya chombo.

Tofauti hiyo ya kisarufi ina uzito katika upangaji wa kozi. Mtaalamu anayefikiri kwa kiambishi -ni huandaa video ndefu zisizoweza kupakuliwa na majaribio yanayodai muunganisho tangu mwanzo hadi mwisho. Anayefikiri kwa kwa njia ya hujiuliza ni kitu gani kisafiri, lini, na kwa ukubwa gani. Aidha, istilahi ujifunzaji mseto, inayotumika kwa mchanganyiko wa ana kwa ana na mtandao, hueleweka vizuri zaidi kwa msingi huu. Kinachochanganywa ni njia mbili za kuendeshea mazungumzo yaleyale. Si mahali pawili.

3.0 Wakati: Ujifunzaji wa Wakati Mmoja na wa Nyakati Tofauti

Dhana ya pili ni ya wakati. Wataalamu hutofautisha ujifunzaji ambao mwalimu na wanafunzi hushiriki kwa pamoja saa ileile, kama katika mkutano wa video au kipindi cha moja kwa moja, na ule ambao kila mmoja hushiriki kwa saa yake, kama katika ujumbe ulioandikwa au sauti iliyorekodiwa. Makala hii inatumia ujifunzaji wa wakati mmoja na ujifunzaji wa nyakati tofauti. Vibadala vinavyojengwa kwa neno sawia vina faida ya ufupi, lakini sawia kwa wasomaji wengi wa leo husikika kama sawa au sawasawa, na ukanushaji wake huweza kueleweka kuwa ujifunzaji usio sahihi. Istilahi ndefu inayoeleweka ni bora kuliko fupi inayopotosha.

Huenda ikadhaniwa kuwa ujifunzaji wa wakati mmoja ndio wa daraja la juu, na ule mwingine ni wa kuvumilia. Dhana hiyo hutokana na kuchukua darasa kama kipimo pekee. Ujifunzaji wa nyakati tofauti humpa mwanafunzi muda wa kusoma, kutafakari na kuandaa jibu. Kwa anayesoma kwa lugha ya tatu muda huo una thamani kubwa. Mwanafunzi ambaye Kinyakyusa ni lugha yake ya kwanza, Kiswahili ya pili na Kiingereza ya tatu, akiulizwa kwa Kiingereza katika mkutano wa video, hana budi kuelewa, kufikiri na kutunga jibu katika sekunde chache. Akiulizwa kwa maandishi, anaweza kupitia lugha zake zote tatu kabla ya kujibu. Kimya chake katika mkutano wa video si ushahidi wa kutojua.

Ugumu wa ujifunzaji wa nyakati tofauti uko kwingine: swali likichelewa kujibiwa, mazungumzo hufa. Jibu linalokuja baada ya wiki tatu huwa limepitwa na haja yake. Kwa hiyo kipimo cha ubora wake ni urefu wa kimya baina ya swali na jibu, wala si wingi wa maandishi yaliyowekwa.

4.0 Umbali si Kilomita

Dhana ya tatu ndiyo mhimili wa nadharia ya elimu masafa. Michael G. Moore, aliyeanza kuijenga nadharia yake katika miaka ya 1970, alisisitiza kwamba umbali unaoathiri ujifunzaji si wa kijiografia. Ni pengo la uelewano baina ya mwalimu na mwanafunzi, na ukubwa wake hutegemea mambo matatu: mazungumzo baina yao, muundo wa kozi, na uwezo wa mwanafunzi wa kujiongoza. Mazungumzo yakiongezeka, pengo hupungua. Muundo ukiwa mgumu usiopindika, pengo hupanuka. Kadiri pengo lilivyo kubwa, ndivyo mwanafunzi anavyohitaji uwezo mkubwa zaidi wa kujiongoza.

Tafsiri ya karibu ya istilahi ya Moore ingekuwa umbali wa kimuamala. Kietimolojia ni tafsiri nzuri, kwani muamala kwa asili yake ya Kiarabu ni namna watu wanavyotendeana. Lakini lugha hai imelipeleka neno hilo kwingine. Kwa msemaji wa Tanzania leo, muamala kwanza ni fedha iliyotumwa au kupokewa kwa simu. Umbali wa kimuamala ungeweza kueleweka kama umbali wa kumfikia wakala wa fedha. Ndiyo maana umbali wa kimazungumzo unapendekezwa hapa: unataja moja kwa moja kigezo ambacho Moore mwenyewe alikipa uzito, na hauhitaji maelezo marefu.

Istilahi hiyo ikikubalika, baadhi ya madai ya kawaida hubadilika sura. Bujonde iko zaidi ya kilomita mia moja kutoka jijini Mbeya, na mbali zaidi kutoka Dar es Salaam. Hata hivyo, mwanafunzi wa Bujonde anayejibiwa maswali yake na mkufunzi kila baada ya siku mbili yuko karibu na mwalimu wake kuliko mwanafunzi aliyeketi katika safu ya mwisho ya ukumbi wa mhadhara wenye mamia ya watu. Kinyume chake pia ni kweli. Mnara wa simu ukijengwa katika kata, umbali wa ishara hupungua. Umbali wa kimazungumzo unaweza kubaki vilevile iwapo hakuna mtu upande wa pili anayejibu.

5.0 Uwepo na Ukwangala

Mwaka 2000, D. Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer walipendekeza kielelezo cha jumuiya ya udadisi, kinachobainisha aina tatu za uwepo katika kozi za mtandao. Uwepo wa kiutambuzi ni kiwango ambacho washiriki hujenga maana kwa kutafakari na kujadiliana. Uwepo wa kijamii ni uwezo wao wa kujitokeza kama watu halisi mbele ya wenzao. Uwepo wa kiufundishaji ni kazi ya kupanga, kuongoza na kuelekeza mjadala. Kwa mujibu wa kielelezo hicho, ujifunzaji wa kina hutokea pale uwepo huu wa aina tatu unapokutana.

Dhana hii hupokewa mara nyingi kama zao la enzi ya intaneti. Kwa Wanyakyusa ina ndugu wa zamani. Monica Wilson, aliyefanya utafiti na mumewe Godfrey Wilson katika eneo hili katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951 vijiji vya rika, ambamo vijana wa umri mmoja walijenga na kuishi pamoja. Kiini cha maisha hayo kilikuwa ukwangala, yaani kufurahia kuwa pamoja na wenzako, kula nao na kuzungumza nao. Wilson alionyesha kwamba Wanyakyusa waliyaona mazungumzo baina ya watu walio sawa kuwa njia kuu ya kuelimika. Kwa mtazamo huo, aliyekaa peke yake hakukosa burudani tu, alikosa elimu.

Ukwangala haupaswi kupambwa kupita kiasi. Maelezo ya Wilson yaliegemea zaidi maisha ya wanaume, na vijiji vya rika vilikuwa na mipaka yake ya jinsia na umri. Hata hivyo, kama dhana, unatupa kitu ambacho uwepo wa kijamii haukisemi waziwazi: kwamba usawa wa wazungumzaji ni sharti la kujifunza kwao. Kiswahili cha pwani kina baraza, penye kazi inayokaribiana na hiyo, lakini baraza hutaja mahali pa kukutania, ilhali ukwangala, kwa kuwa ni kitenzijina, hutaja tendo lenyewe.

Historia ya elimu nchini Tanzania inathibitisha nguvu ya dhana hii. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio kwa majuma kumi na mawili, iliwashirikisha watu wapatao 2,000,000. Teknolojia yake ilikuwa ya njia moja: redio husema, haisikii. Lakini wasikilizaji walikusanyika katika vikundi vyenye viongozi waliofunzwa, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya, kama kuchimba vyoo au kufyeka vichaka vya mbu. Mazungumzo ambayo redio haikuweza kuyabeba yalibebwa na kikundi. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, masomo yalirushwa tena kwa redio na televisheni. Safari hii mikusanyiko ilikuwa hatari, na mwanafunzi mara nyingi alibaki na chombo bila kikundi. Ukilinganisha nyakati hizo mbili, chombo kinakaribiana. Kinachotofautiana ni ukwangala.

6.0 Teknolojia ya Elimu: Chombo na Mbinu

Ulinganisho huo unatufikisha kwenye mjadala wa muda mrefu katika taaluma. Mwaka 1983, Richard E. Clark alidai kwamba vyombo vya habari havisababishi ujifunzaji. Vinausafirisha tu, kama lori linavyosafirisha chakula bila kubadili lishe yake. Kinachosababisha ujifunzaji ni mbinu ya ufundishaji. Robert Kozma alimjibu katika miaka ya 1990 kwamba chombo na mbinu haviwezi kutenganishwa kabisa, kwa kuwa kila chombo huruhusu mambo fulani na kuzuia mengine.

Pande zote mbili zina funzo. Clark anatukumbusha kuwa kugawa vishikwambi si sawa na kubadili ufundishaji. Kozma anatukumbusha kuwa lori nalo lina tabia zake: lisilopita kwenye matope halifikishi chakula, hata kiwe bora namna gani. Katika uwanda wa Kyela wakati wa masika, ujumbe wa sauti wenye ukubwa mdogo na mhadhara wa video wa saa nzima si malori ya aina moja.

Mkanganyiko huu hujitokeza pia katika istilahi mfumo wa usimamizi wa ujifunzaji, inayotumika kwa majukwaa kama Moodle, iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas na kutumiwa na vyuo vikuu vingi, vikiwamo vya Tanzania. Neno usimamizi huahidi mengi. Kinachosimamiwa hasa ni kumbukumbu: nani ameingia, lini, amefungua faili gani, amepata alama ngapi. Mwanafunzi wa Bujonde aliyepakua faili mara moja na kuijadili kwa majuma mawili na wenzake katika kundi la simu, kwa Kiswahili na Kinyakyusa, ataonekana kwenye mfumo kama mtu aliyeingia mara moja. Mwingine aliyefungua ukurasa mara thelathini bila kusoma ataonekana mwenye bidii. Mfumo hausemi uongo. Jina lake ndilo linalotufanya tusome ndani ya takwimu kitu kisichokuwamo.

7.0 Huria si Bure

Dhana ya mwisho inahusu haki. Neno huria limeingia katika elimu ya Tanzania hasa kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992. Hapo huria humaanisha kulegezwa kwa vikwazo vya mahali na wakati wa kusomea. Katika istilahi nyenzo huria za elimu, ambayo dhana yake ilipewa jina katika kongamano la UNESCO la mwaka 2002 jijini Paris, huria hutaja jambo jingine: ruhusa ya kisheria ya kuhifadhi, kutumia, kurekebisha, kuchanganya na kusambaza nyenzo. Neno ni moja, dhana ni mbili. Kitabu kinachosomwa bila malipo ni cha bure; hakiwi huria mpaka msomaji awe na haki ya kukirekebisha.

Kwa mazingira ya lugha tatu, haki ya kurekebisha ndiyo yenye uzito zaidi. Nyenzo ya biolojia ya Kiingereza ikiwa ya bure, mwalimu wa sekondari anaweza kuisoma. Ikiwa huria, anaweza kuifasiri kwa Kiswahili, kubadili mfano wa mmea wa nchi baridi kuwa wa mkakao au mpunga, kuifupisha itoshee katika simu na kuigawa kwa wenzake bila kuvunja sheria. Istilahi ikichanganya bure na huria, mwalimu huyo hatajua kwamba ana haki hiyo, au atadhani anayo pale ambapo hana.

8.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba istilahi za ujifunzaji kwa njia ya mtandao zikielekezwa kwenye mahali na kifaa huficha kiini cha dhana zake. Kiambishi -ni hugeuza njia kuwa makazi. Muamala huhamisha umbali kutoka katika mazungumzo hadi katika fedha. Usimamizi hufanya kumbukumbu zionekane kuwa ujifunzaji. Huria hufunika tofauti baina ya kusoma na kumiliki haki. Mapendekezo ni matatu. Kwanza, wanaistilahi watangulize kauli zinazotaja njia na uhusiano, kama ujifunzaji kwa njia ya mtandao na umbali wa kimazungumzo. Pili, lugha za jamii zichunguzwe kama chemchemi ya dhana, wala si ya maneno ya mimea na vyakula pekee. Ukwangala ni ushahidi kwamba zina nadharia za kujifunza. Tatu, programu za elimu zitofautishe waziwazi baina ya aliyesajiliwa, aliyeunganishwa na aliyejibiwa.

Kitenzi -jifunza, kilichojengwa kwa kirejeshi -ji- na mzizi uleule ulio katika -funza, huweza kutufanya tuamini kwamba mwanafunzi akipewa kifaa atajimalizia mwenyewe. Kirejeshi humtaja mtendaji. Hakisemi kwamba yuko peke yake. Kipimo cha programu yoyote ya mtandao inayodai kufika Bujonde, basi, kianzie kwenye swali rahisi: mwanafunzi akiuliza, nani anamjibu, kwa lugha gani, na baada ya siku ngapi?